Faili Moja Lililofungua Staki Yote

Tangu Agosti 2022, ilipotoka binutils 2.39 (mkusanyiko wa zana za GNU za kujengea programu), linka ya GNU, zana inayounganisha mafaili yaliyokompailiwa yawe programu moja, imekuwa ikisema wazi jambo ambalo kwa miaka mingi ililitenda kimya: faili fulani halina sehemu iitwayo `.note.GNU-stack`, na kwa sababu hiyo staki, eneo la kumbukumbu la data ya muda, itakuwa ya kutekelezeka, yaani maagizo yaliyowekwa humo yataweza kuendeshwa. Onyo lenyewe ni mstari mmoja tu. Programu inajengwa mpaka mwisho na inafanya kazi kama kawaida, ndiyo maana wengi hulipita macho. Mimi nalipa uzito mkubwa. Nataka nisimulie kwa kirefu tulivyoliondoa kwenye programu tunayoitunza hapa Lamu, maana njia ya mkato ingetuangushia mtambo usiku wa manane bila mtu kujua sababu.

Programu hiyo inakaa kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani katika chumba cha baridi cha kikundi cha wavuvi. Ndani yake mna kompyuta ya bodi moja, yenye prosesa ya ARM ya biti 32, inayoendesha Linux. Inasoma vipima joto vilivyo juu ya makreti ya samaki, inajua mlango ukiachwa wazi, inajua umeme ukikatika na jenereta ikichelewa kuwaka, na joto likipanda inatuma ujumbe mfupi kwa simu za wahusika. Pia inapokea ujumbe mfupi, wa kubadilisha viwango vya joto na namba za simu. Jambo hili la mwisho ndilo kiini cha wasiwasi wangu. Kisanduku kinachopokea maneno kutoka nje kinapokea maneno ya yeyote mwenye namba yake.

Anayenisaidia ni mtoto wa kaka yangu. Amemaliza chuo juzijuzi, ana jicho kali na haogopi kuuliza. Nilimpa bodi ya majaribio aiwekee mfumo mpya wa Linux, kisha aijenge programu yetu upya juu yake. Tunafanyia kazi ghorofani Langoni, dirisha likitazama kichochoro, na betri ya akiba chini ya meza kwa sababu umeme haukosi kututoka. Programu ikajengwa. Ilipowashwa, ikagoma kupakia kiendeshi cha vipima joto, yaani maktaba ndogo inayovisoma.

"Shangazi," akaniita, "inasema haiwezi kuiwezesha staki itekelezeke kama maktaba inavyodai. Staki imeingiaje hapa? Mimi nimebadilisha mfumo tu."

Nikamwambia apande juu kidogo kwenye maandishi ya ujenzi, atafute maonyo ya linka. Akayakuta. Yalikuwapo hata kwenye ujenzi wa zamani, ila hakukuwa na kitu kilichogoma, basi yakazoeleka.

Staki ni eneo la kumbukumbu ambamo programu huweka mambo ya muda: thamani za ndani za funksheni inayoendeshwa, pamoja na anwani ya kurudia funksheni hiyo ikimaliza. Ni mahali pa data. Maagizo ya kuendeshwa na prosesa yana makao yake mengine. Mipaka hii ikivunjwa, mtu anaweza kutuma maneno marefu kuliko bafa, nafasi iliyoandaliwa kuyapokea, yakafurika mpaka kwenye anwani ya kurudi, naye akaiandika upya ielekee kwenye baiti zilezile alizotuma. Prosesa inaziendesha bila kujua zimetoka wapi. Novemba 1988 programu ya Robert Morris ilisambaa kwenye intaneti ya wakati ule, na mojawapo ya njia zake ilikuwa hiyohiyo, kupitia huduma ya finger (ya kuulizia habari za watumiaji) kwenye mashine za VAX. Baadaye watengenezaji wa prosesa wakaweka biti maalumu ya kusema ukurasa huu wa kumbukumbu usiendeshwe. AMD waliiuza kwenye prosesa zao za biti 64 mwaka 2003, Intel wakafuata 2004, na ARM wanayo tangu kizazi cha ARMv6. OpenBSD 3.3 ya mwaka 2003 ilikwenda mbali zaidi, ikashika msimamo kwamba kumbukumbu ikiandikika isitekelezeke.

Sasa, keneli, yaani kiini cha Linux, itajuaje kama programu fulani inahitaji staki ya kutekelezeka? Inasoma kichwa kiitwacho `GNU_STACK` ndani ya programu. Kikiwa na herufi RW, staki ni ya kusoma na kuandika. Kikiwa RWE, ni ya kuendesha pia. Linka ndiyo inayoandika kichwa hicho, nayo huamua kwa kuangalia kila faili linaloingia. Kompaila ya GCC, inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, huweka alama hiyo yenyewe kwenye kila faili la lugha ya C. Lakini faili la asembli (lugha ya maagizo ya prosesa yenyewe) lililoandikwa kwa mkono halina alama ila mwandishi ameiweka. Hapo ndipo penye shida kubwa: linka ikikuta faili lisilosema lolote, inalihesabu kuwa linahitaji staki ya kutekelezeka. Ilipangwa hivyo ili misimbo ya zamani, iliyoandikwa kabla ya desturi hii, isiharibike. Mafaili mia mbili yanaweza kusema hayahitaji, moja likanyamaza, na ukimya wa hilo moja ukashinda.

Kilichonishtua zaidi kilikuwa kwenye kisanduku cha zamani, kile kinachofanya kazi kila siku. Programu kuu ilikuwa safi. Nilipoipima kwa `readelf -lW`, amri ya kusoma vichwa vya programu, ilionyesha RW, nami nilikuwa nimeipima zamani. Ila viendeshi vyetu vinapakiwa baadaye, programu ikiwa imeshawaka, kwa `dlopen`. Glibc za zamani (maktaba kuu ya C kwenye Linux) zilikuwa zikikutana na maktaba inayodai staki ya kutekelezeka zinaigeuza staki ya programu nzima palepale, bila kuuliza. Nikaingia kwenye kisanduku, nikafungua `/proc` nikatazama ramani ya kumbukumbu ya programu inayoendeshwa. Mbele ya neno `[stack]` palikuwa na `rwxp`, na x hiyo ndiyo ruhusa ya kuendesha. Ulinzi wote uliokuwa kwenye karatasi ulikuwa umeondolewa na maktaba ndogo ya kusoma joto, sekunde chache baada ya kuwashwa, siku zote hizo. Glibc 2.41 ya Januari 2025 ndiyo iliyokataa mchezo huo: maktaba ikidai staki ya kutekelezeka na staki haiko hivyo, `dlopen` inarudisha kosa. Mfumo mpya wa bodi ya majaribio ulikuwa na glibc hiyo. Nawashukuru kwa dhati walioamua hivyo, ingawa najua uamuzi huo umewasumbua wengi.

Kijana alikuwa ameshapata dawa. "Kuna chaguo la linka, `-z noexecstack`. Tukiliweka, kichwa kinaandikwa RW kwa nguvu, na onyo linakwisha."

Kweli linakwisha. Lakini chaguo hilo ni ushahidi unaotolewa na mjenzi kwa niaba ya msimbo: mimi nasema hakuna faili hapa linaloendesha maagizo kutoka kwenye staki. Huwezi kutoa ushahidi juu ya faili hujalisoma. Nikamwomba tuyasome kwanza, tuanze na maonyo yenyewe, kwa sababu yalikuwa mawili na hayakufanana. Kiendeshi cha vipima joto kilikuwa na faili *lililokosa* alama. Maktaba ya ripoti ilikuwa na faili *linalohitaji* staki ya kutekelezeka, kwa kuwa alama ipo na imewekwa hivyo. Mtu akisoma haraka anaona onyo moja limetokea mara mbili. La kwanza linazungumzia ukimya, la pili linazungumzia dai.

La kwanza lilikuwa jepesi. Faili la asembli lilikuwa la kukokotoa hundi (namba ya kuhakikishia kwamba data haikuharibika njiani) ya data inayotoka kwenye vipima joto, mistari michache yenye kuzunguka juu ya baiti. Tulilisoma mstari kwa mstari. Halijengi maagizo popote, linatumia staki kuhifadhi rejista za prosesa tu. Tukaongeza mwishoni mwa faili:

`.section .note.GNU-stack,"",%progbits`

Alama ya asilimia ina sababu. Mifano mingi utakayokutana nayo imeandikwa kwa ajili ya x86, nayo hutumia `@progbits`. Kwenye asembli ya ARM herufi `@` ni mwanzo wa maelezo ya mwandishi, na asembla haisomi kitu baada yake. Asilimia inakubalika kote kuwili, na sisi faili hilo tunalijenga pia kwenye kompyuta ya mezani kwa majaribio. Kuna njia ya kumwambia asembla aweke alama kwa mafaili yote, `-Wa,--noexecstack`, lakini napenda mstari ukae ndani ya faili lenyewe. Faili hunakiliwa likaenda kwenye mradi mwingine, na chaguo za Makefile, faili la maagizo ya ujenzi, hazisafiri nalo.

Jambo la kujua hapa: linka hutaja faili moja tu kwa kila onyo. Ukilirekebisha, onyo linaweza kurudi na jina jingine, na ukadhani ulichofanya hakikusaidia. Kwa kiendeshi kile majina yalifuatana. Ni heri kuyakagua mafaili yote ya `.o`, yaani yaliyokompailiwa lakini hayajaunganishwa, kwa `readelf -SW`, ukaona lipi halina sehemu hiyo, kuliko kungojea yatajwe moja moja.

La pili ndilo lililotukalisha. Maktaba ya ripoti ni C tupu, haina asembli hata chembe. Kijana aliitazama akakosa cha kushika. "C nayo yadai staki itekelezeke kwa nini, shangazi?"

Jibu lilikuwa ndani ya funksheni inayopanga vipimo vya siku kabla ya kutuma muhtasari. Aliyeiandika zamani alitumia ruhusa ya GCC ya kuandika funksheni ndani ya funksheni, halafu akaipa `qsort`, funksheni ya C ya kupanga orodha, anwani ya ile ya ndani iwe ndiyo ya kulinganisha. Funksheni ya ndani ilikuwa inasoma thamani za funksheni ya nje. Sasa fikiri shida ya kompaila. `qsort` inajua kupokea anwani moja tu, na anwani haina nafasi ya kubeba habari kwamba thamani za nje ziko wapi. GCC hutatua kwa kuandika, wakati programu inaendeshwa, vipande vidogo vya maagizo juu ya staki, vinavyobeba habari hiyo kisha kuruka kwenye funksheni ya ndani. Anwani ya vipande hivyo ndiyo inayopewa `qsort`. Kwa hiyo faili lile halikuwa limesahau kusema. Lilisema kweli. Linaendesha maagizo kutoka kwenye staki, na likizuiwa linakufa.

Nilitaka alione kwa macho. Tukaijenga maktaba ile, pamoja na kiendeshi, kwenye bodi ya majaribio kwa `-z noexecstack` bila kugusa msimbo. Hakuna onyo. Programu ikawaka, ikapakia kila kitu, ikasoma joto, ikajibu ujumbe. Majaribio yetu ya kawaida yakapita. Kisha tukalazimisha saa ya muhtasari ifike, ambayo kwenye kisanduku halisi ni baada ya saa sita za usiku. Programu ikaanguka papo hapo kwa SIGSEGV, kosa la kugusa kumbukumbu isivyoruhusiwa. Kwenye chumba cha baridi ingeanguka wakati mlinzi amelala, na vipima joto vingebaki bila msomaji hadi programu iwashwe tena, na kesho yake usiku ingeanguka vilevile. Kijana alinyamaza kwa muda, akasema, "Basi hili si onyo la kuzima." Hatukuhitaji kulijadili tena.

Dawa ilikuwa kuiandika upya kwa `qsort_r`, ambayo glibc inayo tangu 2.8. Hiyo inapokea kiashiria cha ziada na kuipelekea funksheni ya kulinganisha, basi thamani zilizokuwa zikiazimwa kutoka nje tukazifunga kwenye struct moja, yaani kifurushi cha thamani, na kuipitisha hapo. Funksheni ya ndani ikatolewa nje, ikawa ya kawaida. GCC 14 ya mwaka 2024 ilileta njia ya kuweka vipande vile kwenye hipu, eneo jingine la kumbukumbu, badala ya staki, lakini si kwa ARM ya biti 32, na hata ingekuwapo ningeichagua `qsort_r`. Inasomeka, na atakayekuja baada yetu hatahitaji kujua mambo ya ndani ya kompaila ili aelewe kupanga orodha. Tuliongeza pia `-Wtrampolines` kwenye ujenzi, ili kompaila iseme mapema mtu akiandika tena msimbo wa aina hiyo.

Mzee anayesimamia chumba cha baridi alitaka kujua kwa nini tunataka kubadilisha kitu kinachofanya kazi. Ni swali la haki. Samaki wakiharibika yeye ndiye anayeulizwa na wenye mashua. Nilimwamkia, nikakaa naye barazani.

"Mwanangu, nani atahangaika kuvamia chumba cha barafu?"

Nikamwambia, mzee, anayevamia hamjui yeyote wala hajui kama mna barafu. Anatafuta kompyuta yoyote iliyounganishwa, aitumie kwa mambo yake. Na akishaingia anaweza kuzima ujumbe wa tahadhari bila hata kukusudia. Nikamweleza pia, kwa sababu sikutaka kumpa ahadi iliyozidi, kwamba kuifunga staki hakuzuii kila shambulio. Mwaka 2007 mtafiti Hovav Shacham alionyesha kuwa mshambuliaji anaweza kuunganisha vipande vya maagizo yaliyomo tayari kwenye programu, asihitaji kuweka ya kwake. Ndiyo maana kwenye msimbo unaosoma ujumbe tunakagua urefu wa kila neno, na hilo ni kazi nyingine kabisa. Ila kuiacha staki wazi ni kumrahisishia mtu kazi iliyopaswa kuwa ngumu. Na kwenye keneli za kabla ya 5.8, RWE ya programu ilikuwa ikifungua hata kumbukumbu nyingine zinazosomeka, si staki peke yake.

Akafikiri. "Fanyeni kusi ikikaza," akasema. "Mashua nyingi zitakuwa zimefungwa, chumba kina nafasi. Kaskazi likianza sitaki mtu aguse kitu." Ratiba hiyo ilitufaa kuliko yoyote ambayo ningeipanga mezani.

Tulipita haraka kwenye kidhibiti kidogo kilicho ndani ya kila kipima joto. Hicho hakina mfumo wa uendeshaji, na linka yake nayo ilitoa onyo lilelile. Huko hakuna keneli ya kusoma kichwa cha `GNU_STACK`, kwa hiyo kuweka alama hakubadilishi ulinzi wowote. Ulinzi, kama chipu inao, unawekwa kwa kupanga MPU yake, sehemu inayolinda kumbukumbu. Tuliweka mstari hata hivyo, kwani faili la hundi ni lilelile, na maonyo yasiyo na maana hufunika yenye maana.

Lililobaki lilikuwa gumu kwa namna nyingine. Ndani ya kiendeshi mlikuwa na faili la `.o` tulilopewa na watengenezaji wa vipima joto, bila msimbo wake asilia. Nalo halikuwa na alama. Tuliwaandikia tukaeleza tatizo na mstari unaohitajika. Wakati tukingoja, tulilifungua kwa `objdump -d` tukalisoma asembli yake yote, tukitafuta mahali popote panapoandika maagizo kwenye staki au kuruka kwenda anwani ya staki. Lilikuwa faili fupi, vinginevyo nisingethubutu. Hatukukuta kitu. Ndipo tukaliongezea alama wenyewe:

`objcopy --add-section .note.GNU-stack=/dev/null`

Juu ya amri hiyo kwenye Makefile kijana aliandika maelezo: faili limesomwa na nani, toleo gani, na kwamba likija toleo jipya lisomwe tena kabla amri haijatumika. Pia aliweka `--fatal-warnings` kwenye linka, pamoja na hati fupi inayopitisha `readelf` juu ya kila maktaba na kusimamisha ujenzi ikiona RWE. Kwenye kisanduku chenyewe programu sasa inajisomea ramani yake ya kumbukumbu baada ya kupakia viendeshi vyote, na staki ikionekana na x inaandika kwenye kumbukumbu za matukio na kututumia ujumbe. Hili la mwisho lilikuwa wazo lake, na nililipenda kwa sababu linapima kile kinachoendeshwa kweli, mahali palepale nilipoikuta `rwxp`.

Kusi ilipokaza tulikwenda na bodi mpya, tukabadilisha asubuhi chumba kikiwa na makreti machache. Watengenezaji walijibu baada ya muda, na toleo lao jipya likaja na mstari ule ndani. Kijana alilisoma upya kama alivyoandika, kisha akaifuta amri ya `objcopy` kwenye Makefile.